Muhuri wa Cairo: Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na kazi yake halisi

Tarehe 5 Mei 2025, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague waliifuta kwenye orodha yao kesi iliyofunguliwa na Sudan dhidi ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Sudan ilidai kwamba Falme hizo zinawapa wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, silaha na fedha, na kwamba kwa kufanya hivyo zinashiriki katika mauaji ya kimbari dhidi ya kabila la Wamasalit huko Darfur Magharibi. Falme za Kiarabu zilikanusha madai yote. Mahakama haikufika hata kwenye kiini cha shauri. Ilisema haina mamlaka ya kulisikiliza, kwa sababu mlalamikiwa alipojiunga na Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari aliikataa ibara ya 9, ambayo ndiyo inayoipa mahakama hiyo mamlaka ya kuamua ugomvi wa nchi zilizoukubali mkataba.

Wachambuzi wengi walijadili sheria hiyo, na ilistahili kujadiliwa. Mimi nilibaki na swali la nyuma yake. Sudan ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1956, na Falme za Kiarabu tangu 1971. Wawakilishi wao huketi katika ukumbi mmoja mjini Cairo, ndani ya jengo lililo kando ya Uwanja wa Tahrir, karibu na ukingo wa Nile. Imekuwaje waliozoea kuitana ndugu ndani ya ukumbi huo wapeleke shauri lao Uholanzi? Jibu ni jepesi, nalo linauma: jengo la Cairo halina mahakama. Waasisi wenyewe waliliona pengo hilo mwaka 1945, wakaandika katika ibara ya 19 ya Mkataba wa Jumuiya kwamba Mkataba huo unaweza kurekebishwa ili, pamoja na mambo mengine, iundwe mahakama ya Kiarabu ya usuluhishi. Miaka 80 imepita na mahakama hiyo haijaundwa.

Kila mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu unapomalizika kwa tamko refu lisilobadilisha kitu, lawama ni ile ile: Waarabu wameshindwa kuungana, na Jumuiya yao ni kibogoyo. Lawama hiyo nimeisikia barazani baada ya sala, kwenye vijiwe vya kahawa na katika vipindi vya redio, na ninauelewa uchungu unaoizaa, hasa watu wanapotazama picha za Gaza. Lakini inaanzia mahali pasipo. Inachukulia kwamba Jumuiya iliundwa ili iwaunganishe Waarabu, kisha kazi hiyo ikaishinda. Ukiusoma Mkataba wake taratibu na kuifuatilia historia yake, unakuta chombo kilichoundwa kwa kazi nyingine, nacho kimeifanya kwa miongo minane bila kuchoka: kumhakikishia kila mtawala kwamba jirani yake hatamwingilia, na kulipigia muhuri wa Kiarabu jambo ambalo wenye nguvu wa wakati huo wamekwisha kuliamua.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili aone hilo kwenye jina lenyewe. Kwa Kiarabu chombo hiki kinaitwa Jamiat al-Duwal al-Arabiyya. Neno la kwanza ni la ukoo mmoja na jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa. La pili, duwal, ni wingi wa neno tulilolichukua sisi tukaliita dola. Ni jumuiya ya dola, na dola ndizo zenye viti, zenye kura na zenye kulindwa. Katika mazungumzo ya kuianzisha kulikuwa na majina mengine mezani. Syria ilipendekeza neno lenye maana ya ushirika wa kiapo, Iraq ikataka ittihad, yaani muungano, na Misri ndiyo iliyoleta jamia, neno la watu kukusanyika tu, kila mmoja akabaki na mali yake na funguo zake.

Jina hilo halikushinda kwa bahati. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitangaza hadharani kwamba serikali yake itaunga mkono juhudi za Waarabu za kujenga umoja; Uingereza ilihitaji utulivu katika eneo lenye mafuta na Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu wa Misri, Mustafa al-Nahhas, aliichukua fursa hiyo akawaita wajumbe Alexandria, na tarehe 7 Oktoba 1944 ikatiwa saini Itifaki iliyokuwa na makali kidogo: ilisema kwamba haitaruhusiwa kwa hali yoyote nchi mwanachama kufuata sera ya nje inayoidhuru Jumuiya au mwanachama mwenzake. Siku iliyofuata Mfalme Farouk alimfukuza kazi Nahhas, na miezi michache baadaye, Mkataba ulipotiwa saini Cairo tarehe 22 Machi 1945, sentensi hiyo haikuwamo.

Nani aliogopa nini? Lebanon, hasa Wakristo wake wa Kimaroni, iliogopa kumezwa na Syria. Amiri Abdullah wa Transjordan, Jordan ya leo, alikuwa na ndoto ya kutawala Syria yote kutoka Damascus, jambo lililoitia Syria wasiwasi mkubwa. Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia, aliyewaondoa Mahashimi, ukoo wa kifalme wa huyo Abdullah, katika Hijaz miaka ya 1920, hakutaka kuwaona wakipata nguvu tena kupitia Amman na Baghdad. Misri ilitaka kuongoza bila kumezwa na wale inaowaongoza. Kwa hiyo nchi zilizokaa pale kuandika mkataba wa umoja zilikuwa zinaandika, kwa sehemu kubwa, mkataba wa kujikinga. Ibara ya 8 inasema kila mwanachama ataheshimu mfumo wa utawala wa mwenzake na hatafanya lolote lenye lengo la kuubadili. Ibara ya 5 inakataza kutumia nguvu kutatua migogoro na inaliruhusu Baraza la Jumuiya kuamua ugomvi, ila pale tu pande zote mbili zinapouleta zenyewe, na ugomvi wenyewe usihusu uhuru, mamlaka wala mipaka ya nchi. Ukiyaondoa hayo matatu, sijui dola zinabaki kugombania nini.

Moyo wa chombo kizima ni ibara ya 7. Uamuzi uliopitishwa na wote unawabana wote. Uamuzi uliopitishwa na wengi unawabana wale tu waliouunga mkono, na kila nchi inautekeleza kwa kufuata sheria zake za ndani. Kura ya Saudi Arabia ni sawa na ya Komoro. Kwa lugha ya kawaida, hakuna anayelazimishwa kufanya asichokitaka. Utaratibu wa kura umeguswa baadaye, hasa katika mkutano wa Algiers wa mwaka 2005, lakini mazoea ya kutafuta maneno ambayo hakuna atakayeyakataa yamebaki pale pale, na ndiyo yanayozaa matamko tunayoyajua, marefu na laini, ambayo kila upande huyasoma kwa namna yake.

Mfano mzuri wa ibara hiyo ni adhabu kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa. Machi 1979, baada ya Anwar Sadat kutia saini mkataba wa amani na Israel, Misri ilisimamishwa uanachama, makao makuu yakahamishiwa Tunis, na wanachama wakatakiwa kuvunja uhusiano nayo. Takribani wote walifanya hivyo. Oman, Sudan na Somalia hazikufanya. Sultan Qaboos wa Oman, ambaye nchi yake ilikuwa na miaka minane tu ndani ya Jumuiya, aliendelea kuzungumza na Cairo kana kwamba hakuna kilichotokea, na hakuna aliyeweza kumwadhibu, kwa sababu alikuwa ndani ya haki yake. Hiyo ndiyo sera ya Muscat hadi leo, na wale wenzetu wa huko wenye asili ya Unguja na Pemba wanaijua vizuri: usifunge mlango ambao utakuja kuuhitaji. Misri yenyewe ilirudishwa mwaka 1989 bila kufuta hata mstari mmoja wa mkataba wake na Israel, na mwaka uliofuata makao makuu yakarudi Cairo. Kuanzia 1945 hadi alipochaguliwa Ahmed Aboul Gheit mwaka 2016, Jumuiya ilipata makatibu wakuu wanane. Saba walikuwa Wamisri, na Chedli Klibi wa Tunisia alipata nafasi hiyo kwa sababu tu ya miaka ile ya uhamisho.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba chombo hiki hakina nguvu. Si kweli. Kina nguvu ya muhuri, na mara kadhaa muhuri huo umebadilisha historia.

Juni 1961 Kuwait ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza, na siku chache baadaye Abd al-Karim Qasim, mtawala wa Iraq, akadai kwamba ni sehemu ya nchi yake. Askari wa Kiingereza wakarudi kuilinda, jambo lililokuwa aibu kwa kila Mwarabu aliyekuwa akiimba nyimbo za ukombozi. Tarehe 20 Julai Baraza lilikutana Cairo, mjumbe wa Iraq akatoka nje kwa hasira, na waliobaki wakaipokea Kuwait kuwa mwanachama. Kisha likapelekwa jeshi la Kiarabu lenye askari wa Saudi Arabia, Misri, Sudan, Jordan na Tunisia, na Waingereza wakaondoka. Hiyo ndiyo siku Jumuiya ilipofanya kazi kama ilivyoandikwa, tena kwa uzuri: dola ndogo ilikingwa na jirani mkubwa, na aliyeikinga hakuwa mkoloni. Miaka 29 baadaye, Saddam Hussein alipoivamia Kuwait ile ile, mkutano wa Cairo wa Agosti 1990 ulipata kura 12 tu kati ya wanachama 21 za kupeleka majeshi, na kazi ikafanywa na Marekani.

Muhuri wa pili ulipigwa Rabat Oktoba 1974, wakuu wa nchi walipotamka kwamba Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, ndicho mwakilishi pekee halali wa watu wa Palestina. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyekuwa akiuhesabu Ukingo wa Magharibi kuwa sehemu ya ufalme wake, alilazimika kumeza uamuzi huo. Haukupita mwezi mmoja, tarehe 13 Novemba, Yasser Arafat alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York. Jumuiya haikutoa askari wala bunduki. Ilitoa neno moja, halali, na neno hilo likafungua mlango ambao silaha zilikuwa zimeshindwa kuufungua.

Nayakumbusha haya kwa sababu ndiyo yanayoifanya habari ya Libya iwe nzito. Tarehe 22 Februari 2011 Jumuiya iliuzuia ujumbe wa Muammar Gaddafi kuhudhuria vikao vyake. Tarehe 12 Machi mawaziri wa nje walikutana Cairo wakaliomba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa litangaze marufuku ya ndege kuruka katika anga ya Libya. Algeria na Syria hazikuridhika. Siku tano baadaye likapitishwa azimio namba 1973 kwa kura 10, na nchi tano, zikiwamo Urusi na China, zikajizuia kupiga kura. Wanadiplomasia wa Marekani, Ufaransa na Uingereza walilitaja ombi la Cairo tena na tena. Bila muhuri huo, sidhani kama Moscow na Beijing zingeliacha azimio lipite. Mashambulizi ya anga yalianza tarehe 19. Kufikia tarehe 20, Katibu Mkuu wa Jumuiya, Amr Moussa, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba kinachofanyika ni tofauti na kilichoombwa.

Umoja wa Afrika nao ulikuwa na mpango wake. Tarehe 10 Machi, siku mbili kabla ya kikao cha Cairo, uliamua kuunda kamati ya marais watano, Yoweri Museveni akiwa mmojawao, iende Tripoli na Benghazi kutafuta usitishaji wa mapigano na kipindi cha mpito. Marais hao walitaka kuruka kwenda Tripoli tarehe 20, siku ile ile ya malalamiko ya Moussa, wakanyimwa kibali kwa sababu anga lilikuwa limefungwa. Kwa haki niseme kwamba nchi tatu za Afrika zilizokuwa ndani ya Baraza la Usalama, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, zililipigia kura azimio lile, kwa hiyo lawama si ya Cairo peke yake. Lakini Cairo ndiko ulikotoka uhalali. Libya ni mwanachama wa jumuiya zote mbili. Ile iliyoomba mabomu ilisikilizwa, na ile iliyoomba mazungumzo ikafungiwa anga. Baada ya Gaddafi kuuawa Oktoba mwaka huo, Jumuiya iliyoliomba azimio haikuwa na jeshi la kulinda amani la kupeleka, wala mahakama ya kuwapatanisha waliogawana nchi, wala fedha za kuijenga upya. Ilikuwa imetoa kitu pekee ilichonacho. Wahamiaji wa Kisomali, Kieritrea na Kisudan waliouzwa na kuteswa katika mahabusu za Libya miaka iliyofuata walilipa sehemu ya gharama ya mkutano ule, na kila mara nikisoma habari zao najiuliza kama kuna mtu Cairo aliyewahi kuifanya hesabu hiyo.

Syria ni somo la aina nyingine, na linaonekana vizuri ukikitazama kiti kimoja tu. Tarehe 12 Novemba 2011, nchi 18 kati ya 22 zilipiga kura ya kuusimamisha ushiriki wa Syria. Lebanon na Yemen zilipinga pamoja na Syria yenyewe, na Iraq ikajizuia. Wanasheria walikumbusha kwamba ibara ya 18 inamtoa mwanachama kwa kauli moja ya wengine wote, na ndiyo maana lilitumika neno kusimamisha. Desemba wakapelekwa waangalizi chini ya jenerali wa Sudan, Muhammad al-Dabi. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, kazi yao ikasitishwa huku watu wakiendelea kuuawa. Machi 2013 mjini Doha, kiti cha Syria kikakaliwa na Moaz al-Khatib wa upinzani, mbele yake bendera ya nyota tatu nyekundu. Mei 2023 mjini Jeddah, kiti hicho hicho kikakaliwa na Rais Bashar al-Assad, bendera ya zamani ikarudi, bila mkimbizi mmoja kuhakikishiwa usalama wake na bila mfungwa mmoja kuhesabiwa. Machi 2025 mjini Cairo, aliyekikalia alikuwa Ahmed al-Sharaa, aliyeshika nchi baada ya Assad kuanguka, na zile nyota tatu zikarudi naye. Katika mabadiliko yote haya matatu, aliyeamua nani akae alikuwa mwendo wa vita na pochi za majirani, na kazi ya ukumbi ilikuwa kuibadilisha bendera iliyo mezani.

Palestina ndiyo dhamana ya zamani kuliko zote. Mkataba wa 1945 una kiambatisho chake maalumu, kinachosema kwamba uhuru wa Palestina hauna shaka kisheria, na kwamba mpaka itakapoutumia uhuru huo wenyewe, Baraza litamchagua Mpalestina wa kushiriki kazi zake. Tangu siku ya kwanza, basi, kiti cha Palestina kilikuwa kiti cha kuchaguliwa na wengine. Wakuu wa nchi ndio walioagiza iundwe PLO mwaka 1964. Wakuu hao hao ndio waliosema Khartoum mwaka 1967 kwamba hakuna amani na Israel, hakuna kuitambua na hakuna kujadiliana nayo. Na wakuu hao hao ndio walioigeuza kauli hiyo Beirut mwezi Machi 2002, kwa pendekezo la Abdullah, Mrithi wa Ufalme wa Saudi Arabia: Israel iondoke katika ardhi yote iliyoiteka mwaka 1967, pawe na dola ya Palestina yenye mji mkuu Jerusalem Mashariki, lipatikane suluhisho la haki kwa wakimbizi, na nchi zote za Kiarabu ziwe na uhusiano wa kawaida na Israel. Arafat hakuwapo Beirut. Alikuwa amezingirwa Ramallah. Asiyekuwapo na lake halipo. Jioni ya siku ya kwanza ya mkutano bomu liliua watu 30 hotelini Netanya, nchini Israel, na siku mbili baadaye vifaru vya Israel vilikuwa ndani ya Ramallah.

Mpango wa Beirut ulikuwa na mantiki moja iliyoubeba wote: uhusiano wa kawaida ni malipo, na malipo hutolewa kazi ikikamilika. Mwaka 2020 Falme za Kiarabu na Bahrain, kisha Sudan na Moroko, zilikubali uhusiano huo bila dola ya Palestina kuonekana hata kwa mbali. Falme za Kiarabu zilipotangulia, Wapalestina walipeleka Cairo rasimu ya kulaani hatua yao. Tarehe 9 Septemba mawaziri wa nje hawakuipitisha. Wiki mbili baadaye Palestina iliuachia uenyekiti wa kikao kabla ya zamu yake kwisha. Naiona siku hiyo kuwa ndiyo siku muhuri ulipopoteza wino. Hakuna aliyevunja sheria, kwa kuwa sheria haimbani anayekataa. Lakini ahadi ya pamoja ambayo kila mmoja anaweza kuiuza peke yake haina thamani sokoni, na upande wa pili uliijua hesabu hiyo mapema kuliko Waarabu wenyewe. Mpango wa Misri wa kuijenga upya Gaza kwa dola bilioni 53, uliopitishwa Cairo tarehe 4 Machi 2025, ni waraka uliofanyiwa kazi nzuri, wenye hatua na gharama zake, na ulitoa jibu la heshima kwa wale waliotaka watu wa Gaza wahamishwe. Julai mwaka huo Jumuiya ilikwenda mbali zaidi ikaunga mkono tamko la New York lililoitaka Hamas ikabidhi silaha. Yote hayo yalihitaji upande wa pili uamini kwamba Waarabu 22 wakisema neno watalisimamia.

Kuna kazi nyingine za Jumuiya zisizopigiwa makelele, nazo zimefanikiwa kwa kiasi chake. Shirika la setilaiti la Arabsat lilianzishwa mwaka 1976, likarusha setilaiti yake ya kwanza 1985. Chuo cha bahari cha Alexandria kimesomesha manahodha na wahandisi wa meli kutoka nchi nyingi. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi kati ya nchi zilizojiunga na eneo huru la biashara uliondolewa mwaka 2005. Kwetu Afrika kuna Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi Barani Afrika, BADEA, iliyoamuliwa katika mkutano wa Algiers wa 1973 na kuanza kazi Khartoum mwaka 1975, inayokopesha nchi za Afrika zisizo wanachama, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Na kuna Baraza la Mawaziri wa Mambo ya Ndani, lenye makao yake Tunis, ambalo ndilo chombo kinachoelewana kuliko vyote: mkataba wake wa kupambana na ugaidi wa 1998 ulisainiwa na kuanza kazi haraka, huku mahakama ya haki za binadamu iliyokubaliwa 2014, ambayo ilipaswa kukaa Bahrain, ikiwa haijaanza kazi hadi leo. Anayetaka kujua nani analindwa na Jumuiya hii aziweke tarehe hizo mbili pamoja.

Wanachama wawili ni majirani na jamaa zetu wa karibu, nao wanaonyesha tofauti ninayoitafuta. Komoro ilijiunga mwaka 1993. Kanali Mohamed Bacar alipokikamata kisiwa cha Anjouan na kukataa kuondoka, serikali ya Moroni ilipata msaada wa askari tarehe 25 Machi 2008, na askari hao walikuja kwa idhini ya Umoja wa Afrika, uliokuwa chini ya uenyekiti wa Jakaya Kikwete. Walikuwa wanajeshi wa Tanzania na wa Sudan, huku Libya na Senegal zikisaidia. Tazama majina hayo: Sudan na Libya ni wanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na zilikwenda kumwokoa mwanachama mwenzao, lakini zilipitia Addis Ababa. Askari ni wale wale. Kilichokuwa tofauti ni sheria iliyowaruhusu kupanda boti.

Somalia, mwanachama wa Cairo tangu 1974, mwaka 2024 ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisemi Arusha ni peponi. Tunaijua michango isiyolipwa na maazimio yanayolala makabatini. Lakini Arusha kuna mahakama, na hata mwananchi wa kawaida anaweza kuishtaki serikali yake mbele yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotaka kuishtaki Rwanda kwa vita vya Kivu ilikwenda huko, na Septemba 2024 mawakili wa pande zote mbili walisimama mbele ya majaji, Rwanda ikipinga mamlaka ya mahakama kwa hoja za kisheria. Kesi hiyo haijarudisha amani Goma. Imefanya jambo dogo kuliko hilo: imeilazimu nchi moja kumjibu jirani yake kwa maandishi, mahali ambapo majibu yanahifadhiwa.

Sudan haikupata hata hicho. Tarehe 26 Oktoba 2025, baada ya kuzingirwa kwa takribani mwaka mmoja na nusu, mji wa El Fasher uliangukia mikononi mwa RSF, na habari za mauaji zikafuata. Cairo ilitoa tamko.

Wengi wanaodai mageuzi huanza na ibara ya 7, nao hugonga ukuta, kwa sababu hakuna dola itakayoiachia haki yake ya kukataa. Mimi ningeanza na ile ibara ya 19, ambayo sijui kwa nini inasahauliwa. Waasisi waliokuwa wakiogopana kiasi kile waliacha mlango mmoja usiohitaji kauli ya wote: Mkataba unarekebishwa kwa theluthi mbili ya wanachama, na lengo mojawapo walilolitaja kwa jina ni kuunda mahakama. Asiyekubali marekebisho ana ruhusa ya kujitoa. Theluthi mbili ya 22 ni nchi 15. Ile Jumamosi ya Novemba 2011, ilipohitajika kuitoa Syria ukumbini, zilipatikana 18.